Amua Mapema: Mwongozo wa Kuishi Ukristo Katika Maamuzi ya Kila Siku

Ijumaa jioni simu inalia. Shemeji anataka umdhamini mkopo wa SACCO, fomu iko tayari, na ofisi itafungwa kesho adhuhuri. Umechoka, watoto wanadai chakula, na sauti yake ina haraka. Unasema ndiyo. Miezi 8 baadaye unagundua kwamba ile "ndiyo" imekula karo ya kidato cha tatu.

Aliyesema ndiyo hakukosa upendo wala imani. Alikosa kuketi. Katika Luka 14:28 Bwana Yesu anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara asiyeketi kwanza akahesabu gharama. Sisi hurukia mnara, tukaacha kile kitendo cha kuketi. Maisha ya Kikristo yenye maana hujengwa zaidi na maamuzi madogo yanayojirudia, ya pesa, kipimo, ahadi, neno na siku ya kupumzika, kuliko yale makubwa ya mara moja. Na maamuzi hayo yanafaa kufanywa kabla saa yake haijafika, ukiwa umetulia na umeshiba, bila mtu kukusimamia kichwani.

Kuketi kwanza

Unahitaji daftari la kurasa 48, kalamu, Biblia na kalenda ya shule ya watoto. Simu iache chumba kingine, kwa sababu ndiyo inayoleta maombi ya haraka tunayojaribu kuyatangulia. Chagua Jumapili jioni baada ya chakula, dakika 40 zinatosha. Ukiwa na mwenzi, ketini wote wawili. Mpango ulioandikwa na mmoja huvunjwa na mwingine kufikia Jumanne, na wala si kwa ubaya, hakujua tu.

1. Andika pesa zilizoingia na zilizotoka wiki iliyopita. Usijitetee, andika tu.
2. Andika maamuzi matatu unayojua yatakukuta wiki hii. Kwa mfano: Jumatano kikao cha matanga, Ijumaa malipo ya vibarua wa palizi, Jumamosi chama.
3. Kando ya kila moja andika ndiyo au hapana, kiasi, na utakayemwambia.
4. Ombeni juu ya ukurasa huo mkitaja majina yaliyomo. Yakobo 4:15 yatufundisha kusema "Bwana akipenda", basi acheni nafasi ya Bwana kuubadilisha mpango.

Kosa la kwanza la wengi ni kuandika maamuzi 15. Kufikia Alhamisi daftari limefungwa na halifunguliwi tena. Kosa la pili ni kuandika sifa badala ya tendo. "Niwe mvumilivu" haina siku wala kiasi, na hutajua kama umeitimiza. "Jumatatu nitamsikiliza mwanangu dakika 10 kabla sijamuuliza kuhusu alama za mtihani" inatimizika, na ni uvumilivu huohuo umevaa viatu.

Mara moja kwa mwezi tazama mbali kidogo. Huku kwetu magharibi mwa Kenya mwaka una mabonde yanayojulikana. Januari ni karo na sare. Februari na Machi ni mbegu na mbolea. Kuanzia Aprili hadi mahindi mapya yakomae, ghala la wengi limeisha na gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi, imepanda bei. Anayesubiri mwezi wa Mei ndipo aamue kama ataingia deni la chakula ameshaamuliwa na njaa. Uamuzi huo ni wa Septemba, mahindi yakiwa bado kwenye magunia: ni magunia mangapi hayauzwi hata aje mnunuzi na pesa taslimu.

Pesa ya siku moja

Tumchukue mama anayeuza mboga na nyanya. Leo ameuza za shilingi 3,000. Bidhaa alinunua kwa 2,200, usafiri 150, ushuru wa soko 50. Kilicho chake ni 600.

Hapa ndipo penye kosa linaloumiza waumini wengi waaminifu: kutoa fungu la kumi la mauzo. Akitoa 300 ametoa nusu ya faida yake, na baada ya wiki mbili anaanza kula mtaji bila kujua kinachomtafuna. Paulo katika 1 Wakorintho 16:2 anaagiza kila mtu aweke akiba kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Kufanikiwa kwake ni zile 600, na sehemu ya kumi yake ni 60. Tunalisema wazi kwa sababu tunajua kuna wanaojiona wezi mbele za Mungu kwa kutoa 60, ilhali wametoa kamili.

Gawa zile 600 jioni ileile, kabla ya kupika: 60 za sadaka, 60 za karo, 40 za dharura, 40 za matanga na wageni, 400 za nyumba. Mtaji wa 2,200 na nauli ya kesho usivihesabu kama vyako, vifunge kwenye leso au mfuko wa peke yake. Kwa siku 26 za kazi, yale mafungu ya 60 yanafika 1,560 kila moja, na ya 40 yanafika 1,040. Ni kidogo, ila mtoto akirudishwa nyumbani kwa salio la karo la 1,500, kidogo hicho ndicho kinachomrudisha darasani siku hiyohiyo.

Tumia mikebe au bahasha zilizoandikwa majina. Zikikaa zote pamoja kwenye simu, jicho huona jumla moja na mkono hula jumla moja. Kusanya kwenye mkebe, kisha Jumamosi weka benki au kwenye akiba ya simu iliyofungwa kwa tarehe. Mkebe wa karo wa mtu anayejijua mkono mwepesi ukae kwa jirani mwaminifu au mzazi. Kujijua ni sehemu ya hekima, usione haya.

Kwenye fungu la dharura toa kwanza mchango wa bima ya afya ya SHA. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hutakiwa kulipia mwaka mzima, yaani 3,600. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa kuwa 3,600 kwa mkupuo ni mlima. Shilingi 12 kila siku ya kazi zinaufikia na kubaki na chenji.

Neno gumu kidogo kuhusu sadaka. Katika Marko 7:9-13 Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, wakfu kwa Mungu, wakawaacha wazazi wao bila msaada. Ukiwa na ahadi ya ujenzi wa kanisa na mama yako yuko kijijini hana dawa ya presha, dawa inatangulia. Mweleze mzee wa kanisa kwa heshima kwamba ahadi utaimaliza polepole, na umpe tarehe. Kiongozi anayemjua Bwana wake ataelewa.

Udhamini na mikopo

Mithali 6:1-5 inamzungumzia mtu aliyemdhamini mwenzake kama paa aliyenaswa mtegoni. Ni picha halisi. Katika SACCO, akiba zako zinashikwa kuwa dhamana ya mkopo wa mwenzako. Ukiwa na akiba ya 60,000 na umemdhamini mtu kwa 40,000, huwezi kujitoa ukachukua pesa zako mpaka alipe au apate mdhamini mwingine, na nafasi yako ya kukopa inapungua. Asipolipa, SACCO inakuja kwako na wadhamini wenzako, na wako ndani ya sheria.

Kabla ya kutia sahihi uliza maswali haya ana kwa ana, si kwa simu. Mkopo ni wa nini hasa? Marejesho kwa mwezi ni kiasi gani, na yatatoka kwenye mapato yapi? Una mikopo mingine, ikiwemo ya simu? Wadhamini wengine ni akina nani? Mkeo au mumeo anajua? Swali la mwisho ndilo linalofichua zaidi. Mkopo unaofichwa nyumbani una jambo.

Kanuni yetu ni hii: dhamini tu kiasi ambacho ungeweza kukilipa chote bila kugusa chakula wala karo. Kama hakipo, jibu ni hapana, na hapana hiyo uiseme siku hiyohiyo ili mwenzako atafute njia nyingine. Maneno huwa ndiyo shida, basi yaandae: "Shemeji, nimeketi na mke wangu tumehesabu. Kudhamini hatuwezi mwaka huu. Tuna 2,000 ya kukupa, na si mkopo, ni msaada wetu." Usiongeze sababu nyingine. Kila sababu unayoongeza ni mlango wa kujadiliana, na ya tatu kwa kawaida si ya kweli. Mathayo 5:37 yatosha: ndiyo iwe ndiyo, siyo iwe siyo.

Ukiwa umeshadhamini na mambo yanayumba, Mithali inasema usilale. Nenda leo kwa mkopaji, kisha mwende pamoja kwa ofisa wa mikopo mwombe mpango mpya wa kulipa kabla deni halijakomaa. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa hiyo huwa chungu zaidi kila mwezi unaopita.

Kuhusu mikopo ya simu, fanya hesabu moja tu. Mkopo wa 5,000 unaotozwa asilimia 8 kwa siku 30 unakugharimu 400. Ukiukopa na kuulipa kila mwezi mwaka mzima umelipa 4,800, karibu sawa na ule mkopo wenyewe, na bado unahitaji kukopa. Kopa kwa kitu kitakachorudisha pesa ndani ya siku hizo, kama bidhaa iliyo na mnunuzi tayari. Usikope kwa chakula, harusi ya mtu, wala kubeti.

Gorogoro

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hakuna mahali Ukristo wetu unapopimwa wazi kama kwenye ule mkebe wa mafuta wa kilo 2 tunaopimia mahindi, maharagwe na omena kuanzia Luanda ya Vihiga hadi Kondele ya Kisumu.

Mkebe mpya una kitako kilichonyooka. Ukigongwa kwa ndani ya gunia, ukakanyagwa, au ukapigwa nyundo kidogo chini, kitako huinuka ndani na mnunuzi anapoteza konzi nzima asiyoiona. Mwingine huutengeneza hivyo makusudi, mwingine umebonyea tu kwa kuzeeka akaendelea nao kwa sababu hasara si yake. Mbele za Mambo ya Walawi 19:35-36 hawa wawili wanafanana: imeagizwa vipimo vya haki, na anayejua kipimo chake kimepungua hana kinga ya kusema hakukibonyeza yeye.

Jaribio lake ni rahisi. Tafuta mkebe mzima wa aina ileile usiobonyea. Ujaze maji hadi ukingoni, kisha uyamimine kwenye mkebe wako wa biashara. Yakimwagika, yaliyomwagika ndiyo unayomnyima kila mnunuzi. Tumia chombo kipana chini yake uyaone kwa macho. Fanya hivi mara moja kwa mwezi na kila unapopata mkebe mpya. Ukiwa na mzani, hakikisha umekaguliwa na kutiwa muhuri na maafisa wa vipimo, na kabla ya kuweka bidhaa mshale usimame kwenye sufuri mnunuzi akiona.

Mkono nao hupima. Wapo wanaojaza kwa kumwaga polepole ili nafaka ikae na nafasi katikati, na wapo wanaotia vidole ndani. Jaza, tikisa mara moja, ongeza kilele, na uwe na kilele kilekile kwa mtoto aliyetumwa na kwa mama anayejua kubishana. Mtoto ndiye mtihani.

Je, bei? Kupunguziana bei ni desturi yetu na si dhambi. Dhambi inaingia pale unapoapa "haki ya Mungu nimenunua hivyo hivyo" na si kweli. Wakristo wa kanisa la Marafiki (Quakers), ambao wamishonari wao walifika Kaimosi mwaka 1902, wanatoka katika mapokeo yaliyokataa viapo, na wafanyabiashara wao wa kale Uingereza walijulikana kwa kuweka bei moja kwa wote ili wasilazimike kusema uongo mezani. Huhitaji kuwaiga katika yote. Unaweza kusema tu: "Bei yangu ya mwisho ni hii," na iwe ya mwisho kweli.

Kwa anayeajiri vibarua wa palizi au wa kupura mahindi: Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka ujira ulipwe kabla jua halijatua. Toa pesa hizo benki siku iliyotangulia, zikiwa zimechenjwa. Wengi humrudisha kibarua "kesho" kwa sababu tu ana noti ya 1,000 na vibarua ni watatu, na huyo aliyerudishwa alitegemea ile pesa ndiyo unga wa usiku huo.

Siku ya kupumzika

Soko la Kibuye mjini Kisumu hufurika hasa Jumapili, na muuzaji Mkristo amebanwa katikati. Waadventista, walio wengi Nyanza tangu misheni ya Gendia ya 1906, hupumzika Jumamosi, kwa hiyo Jumapili hawabanwi. Kwa wengine, ushauri wetu ni huu: kama Jumapili ndiyo inayolisha nyumba, hudhuria ibada ya kwanza ya asubuhi na familia, uende sokoni baadaye, kisha uchague siku nyingine, tuseme Jumanne, ambayo huuzi, huagizi bidhaa wala hupigi hesabu. Iandike daftarini. Ambacho hakifai ni kuuza siku 7 huku ukisema unamwabudu Mungu moyoni. Mwili hukataa, na nyumbani hukataa kabla ya mwili.

Matanga

Kwa jamii zetu kuchangia matanga ni utu, hatushauri yeyote ajitenge. Ila amua kiwango mapema kwa duara tatu: familia ya karibu, marafiki na majirani na washirika wa kanisa, kisha watu wa makundi ya WhatsApp. Ukiwa na fungu la 1,040 kwa mwezi, mfano mmoja ni 500 kwa wa karibu, 200 kwa jirani, 100 kwa wengine. Likiisha, limeisha, na hapo una mikono: kupasua kuni, kuteka maji, kulala matangani na waliofiwa. Usikope mkopo wa simu ili jina lako lisomwe.

Familia iliyofiwa nayo ina maamuzi yake. Kaeni ndani ya siku mbili, watu wachache wenye sauti tulivu, mpange tarehe ya mazishi mapema, kwa maana ada ya mochari huhesabiwa kwa siku. Andikeni mochari, jeneza, usafiri, chakula, na kiasi kilichopo mkononi. Mweka hazina awe mmoja na wa pili wa kumkagua, na hesabu isomwe hadharani kabla ya mazishi na baada yake. Chakula cha umati ndicho huvimba bila kizuizi. Chai, mkate, ugali na maharagwe havimwaibishi marehemu. Kinachowaumiza walio hai ni shamba kuuzwa kwa ajili ya wali na nyama ya siku moja.

Wiki ya nne baada ya mazishi, turubai zikishaondoka na mjane amebaki na watoto, mtembelee na gorogoro mbili za mahindi. Wiki hiyo karibu hakuna anayefika.

Neno na ugomvi

Ujumbe wa kusambazwa ukikufikia ukiwa na jina la mtu, ungoje hadi asubuhi. Mithali 18:17 inasema wa kwanza kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje. Ukikosewa, fuata Mathayo 18:15-17 kwa mpangilio wake: ninyi wawili peke yenu kwanza, ndani ya siku tatu, kisha mmoja au wawili mnaoheshimiana nao, ndipo kanisa. Anza na swali, "Nimesikia hivi, ilikuwaje?" Wengi wetu huanza na hatua ya tatu, tena kwa kuomba "tumwombee ndugu fulani" katika kundi la maombi, na huko ni kusengenya kwa magoti.

Ukishakosea

Utakosea, hata ukiwa na daftari. Usiku, dakika 10 kabla ya kulala, jiulize: nani leo ameondoka kwangu na pungufu, na kwa kiasi gani? Andika jina na kiasi. Kutubu mbele za Mungu hakufuti kile kiasi. Zakayo, katika Luka 19:8, alitaja namba: nusu kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu.

Rudisha ndani ya wiki. Ikiwa ni mwajiri, mteja au jirani unayemjua, nenda mwenyewe au tuma pesa na ujumbe mfupi: "Mama, Jumanne nilikupa chenji pungufu 150, nikajua na nikanyamaza. Nimeituma. Nisamehe." Usitaje kwamba umeokoka, usimwombe asimwambie mtu. Kama deni ni kubwa kuliko uwezo wako, taja kiasi chote, lipa sehemu ya kwanza sasa, na uahidi tarehe ya kila sehemu inayobaki. Na kama uliowapunja ni wanunuzi wa gorogoro iliyobonyea, ambao huwezi kuwatafuta mmoja mmoja, kadiria konzi ulizobaki nazo, ujaze gunia, ulipeleke kwa wasio na chakula. Ule mkebe usimwuzie mtu wala usimgawie mwingine. Utoboe kitako, upandie sukuma wiki.